Shati la Nungunungu

"Shati liondoke," Edson alisema.

Mhariri huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, katika chumba cha mbele cha nyumba ya Paskazia pale Nyahanga, mswada ukiwa magotini kwa sababu meza haikuwa na nafasi. Upande mmoja wa meza palikuwa na cherehani na rundo la mistari inayong'aa iliyobanduliwa kwenye ovaroli chakavu za mgodini. Upande wa pili zilipangwa kofia za miiba za wachezaji wa ngoma ya nungunungu, zikisubiri kukazwa nyuzi. Ilikuwa mwishoni mwa Julai. Vikundi vya ngoma Kahama nzima vilikuwa vinajiandaa kwa sikukuu ya wakulima ya Nane Nane, na Paskazia ndiye aliyekuwa akikishonea kimojawapo.

"Liondoke liende wapi?" aliuliza.

"Dada Paskazia, usinicheke. Nimekuja kutoka Mwanza kwa ajili ya kitabu hiki. Ningeweza kupiga simu." Edson aligonga mswada kwa kidole. "Theluthi nzima ya hadithi ni nguo. Mtoto wa miaka minane hataki ushonaji, anataka tukio. Mkusanyiko una nafasi moja iliyobaki kabla ya kwenda kuchapwa. Toa shati, nafasi ni yako. Ukilibakiza, itabidi nichukue hadithi ya mtu mwingine, na sitaki."

Paskazia hakuwa mtu wa kukasirika mbele ya kazi. Alifikiria kwanza kama lile lililosemwa ni kweli.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Nungunungu anaalikwa harusini. Anakwenda kwa Mnana, ndege yule anayesuka viota, ashonewe shati. Harusini ngoma inalia kwa ghafla, Nungunungu anashtuka, miiba inasimama, shati linachanika mbele ya wageni wote. Anakimbia kwa aibu. Mnana anampa shati la pili, anarudi, anacheza hadi jua linazama. Edson alikuwa ameandika toleo lake ambamo Mnana hayumo na shati halimo: Nungunungu anakwenda harusini, anaogopa, wageni wanamkimbia, mwishowe wanaelewana. Lilikuwa safi na lilisomeka. Paskazia alikuwa amelisoma mara mbili akitafuta kosa la lugha na hakuliona.

"Katika toleo lako," alisema, "umeandika, 'Nungunungu aliogopa sana.'"

"Si aliogopa?"

"Aliogopa. Lakini mimi sikuliandika neno hilo popote. Nungunungu akitulia miiba yake hulala, akishtuka husimama. Shati likichanika, mtoto ameshajua kuwa kaogopa, na kajua mwenyewe. Jukwaani mhusika akiingia, nguo imeshasema nusu ya habari zake kabla hajafungua mdomo. Ukimvua shati Nungunungu inabidi umpe mdomo, na huo mdomo wako unasema 'aliogopa sana'."

"Hayo ni ya jukwaani."

"Ndiko nilikojifunzia."

Hakusema kwa majivuno. Ilikuwa taarifa tu. Baba yake alikuwa fundi mitambo Mwadui, na maigizo ya kwanza aliyoyaona yalichezwa na wake za wafanyakazi katika ukumbi wa mgodi. Baadaye alisomea mavazi ya maonyesho Bagamoyo, akashonea vikundi vya Dar es Salaam mpaka alipochoka na foleni, akarudi kwao na cherehani mbili. Kuandika kulianza kwa Blessing, binti yake, ambaye hakulala bila hadithi na hakukubali hadithi moja mara mbili. Sasa Blessing alikuwa sekondari ya bweni, na hadithi hazikukoma. Paskazia aliandika asubuhi na kushona kuanzia saa sita. Watu walimuuliza lini angechagua moja. Yeye hakuona cha kuchagua. Aliloona ni kwamba wanyama wake wote, kila hadithi, waliishia kuvaa kitu, na alitaka kujua kama hiyo ilikuwa nguvu yake au mazoea tu. Swali la Edson lilikuwa lake pia.

"Tushindanishe," alisema.

"Nini na nini?"

"Toleo lako na langu."

Edson alikulia Morogoro; ilibidi aelezwe. Usukumani ngoma mbili zikishindana hazipokezani. Zinaanza pamoja, katika uwanja mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Wakichoka huku wanahamia kule, kweupe, kila mtu akiona. Upande utakaobaki na watu wengi ndio umeshinda, na hakuna jaji wa kulalamikiwa.

"Watoto wa shule ya nyuma ya mashine ya mpunga," Paskazia alisema. "Mwalimu Juliana ni rafiki yangu, na mwalimu mkuu hukubali watoto wasomewe wakati wa michezo. Darasa la tatu lina mikondo miwili. Msomaji wako upande huu, wangu upande ule, kwa pamoja."

"Na nikishinda?"

"Shati linaondoka. Nalitoa mwenyewe."

Edson alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

*

Wasomaji walikuwa Magesa na Makoye, waigizaji wawili wa kile kikundi alichokishonea Paskazia, wote wenye sauti inayofika mbali. Kosa la Paskazia lilikuwa hapo, naye alikuja kulikubali bila kuzunguka. Magesa alizaliwa katika familia ya Wagika na Makoye katika familia ya Wagalu, zile pande mbili ambamo wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika tangu enzi za mababu. Ndani ya kikundi walicheza pamoja na kula sahani moja. Lakini kumwambia Mgika asimame uwanja mmoja na Mgalu, watu wakichagua wa kumfuata, kisha kutarajia asome tu karatasi, lilikuwa jambo ambalo mtu mwenye elimu yake hakupaswa kulitarajia.

Aliwapa masharti chini ya dirisha la ofisi ya walimu. Bila ngoma, bila nyimbo, bila vazi. Kila mmoja akae kwenye benchi lake na asome kilichoandikwa. Magesa angesoma toleo la Edson, Makoye la Paskazia.

"Na dawa, Mama Blessing?" Makoye aliuliza. "Mwambie huyu Mgika atoe na hirizi. Hawa bila dawa ya ngoma hata mbuzi hawawasikilizi."

"Bebe, wewe!" Magesa alicheka. "Mwaka jana mlishindwa mchana kweupe mkasema jua liliwapiga machoni."

"Lilitupiga!"

"Jua lilikuwa nyuma yenu!"

"Kasomeni," Paskazia alisema.

Mwalimu Juliana alifungua mlango wa mkondo A. Watoto walitoka mbio, wakasimama katikati ya uwanja, wakatazama huku na huku, wakagawanyika karibu sawa. Wasomaji wakaanza. Kwa kitambo kidogo mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Edson alisimama kwenye kivuli cha ukuta, mikono mifukoni. Paskazia alikaa kwenye jiwe kati ya mabenchi mawili.

Ndipo Magesa alipogeuza ukurasa wa kwanza, akaona watoto watatu wanamtoka kwenda kwa Makoye. Aliinama chini ya benchi kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Alipoinuka alikuwa amevaa kofia ya miiba.

Ilikuwa moja ya zile za Nane Nane. Alikuwa ameificha kwenye gunia la sulufeti. Alivuta kamba ya kidevuni, miiba yote ikasimama kwa pamoja, kwaa, akaunguruma.

Uwanja ulihama. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele za furaha na za woga, wakarudi nyuma miiba iliposimama, wakasogea tena ilipolala. Magesa hakuwa hata anasoma tena. Alikuwa amezunguka benchi lake akichimba shimo la kufikirika kwa mikono yote miwili. Makoye aliendelea na karatasi yake, sauti ikipanda kwa hasira. Mwishoni alibaki na mtoto mmoja, na huyo alikuwa mwanawe.

"Baba, na mimi niende?" mtoto aliuliza.

"Kaa hapo!"

Edson alikuja akitabasamu. "Haya, Dada. Umeona mwenyewe."

"Nilichoona ni kofia."

"Wamekimbilia hadithi isiyo na shati. Uwanja umesema."

"Muulize mtoto yeyote pale Nungunungu alialikwa wapi." Alisubiri. "Hakuna anayejua. Hawakukimbilia hadithi, Edson, wamekimbilia vazi. Na vazi lile nililishona mimi."

Edson alicheka hadi akashika magoti. "Kwa hiyo mimi ninayesema watoto hawataki mavazi nimeshinda kwa vazi."

"Hujashinda. Raundi hii imefutwa."

"Ungeweza kusema imethibitisha hoja yako."

"Haijaithibitisha." Paskazia alikuwa amesimama, akimtazama Magesa anayevuta kamba kwa mara ya mwisho kwa heshima ya msichana mmoja aliyekuwa akiomba. Alikuwa anafikiri, na fikra yenyewe haikumpendelea. Kofia ile ilikuwa mbele ya macho. Mtoto hakufanya kazi yoyote, alipewa. Shati la kwenye karatasi halikuwa na uzi hata mmoja. Yule anayesomewa analishona mwenyewe kichwani, na anaweza kuchoka kabla hajafika kwenye kola. Kwa miaka yote alikuwa ameandika kana kwamba msomaji anaona kile anachokiona yeye mezani. Kama kulikuwa na mahali hadithi inapobana, pangekuwa hapo.

"Mkondo B," alimwambia Juliana. Kisha akamwita Magesa, akachukua kofia, akaikagua miiba iliyolegea, akaiweka kando ya jiwe lake. "Mnabadilishana. Magesa unasoma langu, Makoye unasoma la Edson. Atakayeinuka kwenye benchi simshonei cha Nane Nane."

"Mama Blessing, mbona mkali hivyo?"

"Utacheza na kaptula."

Makoye alipenda hilo sana.

*

Safari hii Paskazia hakuwatazama wasomaji. Aligeuka juu ya jiwe lake, akakaa akiwaelekea watoto, nakala ya mswada mapajani na kile kimto cha pini alichozoea kukivaa mkononi wakati wa kumjaribisha mtu nguo. Nguo ikivaliwa kwa mara ya kwanza fundi haulizi kama imependeza. Anaangalia inapovuta, anachoma pini hapo, anaendelea. Aliamua kufanya vivyo hivyo. Watoto wakiondoka, pini upande wa kushoto wa mstari uliokuwa unasomwa. Wakija, pini upande wa kulia.

Mlango ulifunguliwa. Watoto waligawanyika tena. Magesa alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ukurasa wa kwanza ulipita bila pini. Wa pili ulileta wawili. Wa tatu, Nungunungu alipojiangalia kwenye maji ya bwawa na kusema anataka kuonekana mtu wa maana, walikuja wengine watano, nao wakakaa chini. Paskazia hakutabasamu. Ukurasa wa nne ulikuwa unakuja, na ukurasa wa nne ndio aliokuwa anaupenda kuliko yote.

Mnana anampima Nungunungu. Anapima shingo, kwapa, urefu wa mgongo. Anachagua kitambaa, anakikata mshazari ili kisivute, anaeleza kwa nini. Anasema shati la mwenye miiba lilipaswa kushonwa kwa namna fulani, na anaitaja namna hiyo, lakini Nungunungu ana haraka, anachukua la kawaida. Kisha upindo unakunjwa mara mbili. Paskazia alikuwa ameuandika ukurasa ule kwa asubuhi moja na hajaubadili neno. Mafundi wawili aliowasomea walisifia.

Mtoto wa kwanza aliondoka kwenye shingo. Pini. Watatu waliondoka kwenye kwapa. Pini. Magesa alihisi, akaongeza mwendo, lakini kwenye kitambaa cha mshazari kundi zima la nyuma liliinuka, likajikung'uta vumbi makalioni na kwenda kwa Makoye, ambaye alikuwa anasoma huku anachekea upande. Pini, pini, pini. Katika upindo Magesa alibaki na watoto sita, na wawili kati yao walikuwa wanachezea mchanga.

Edson aliendelea kumtazama Magesa bila kujigamba. Paskazia aliheshimu hilo.

Alitazama safu ya pini upande wa kushoto. Zilikuwa zimekaribiana kama meno ya zipu. Hakukuwa na la kubishania: kasoro haikuwa kwenye shati, ilikuwa kwenye somo la ushonaji. Alikuwa amemfundisha mtoto wa darasa la tatu kazi ambayo mtoto hakuomba kufundishwa.

Magesa akageuza ukurasa. Harusi. Bwana harusi Sungura, bibi harusi kwenye mkeka, Nungunungu kwenye mstari wa mbele, shati limenyooka, vifungo vyote vimefungwa. Halafu ngoma kubwa.

"*Praa!*" Magesa alisoma. "Chini ya kwapa. *Praa!* Mgongoni. Nungunungu akaubana mkono. Mama mmoja akasema, 'Jamani, nani anamenya mahindi humu?'"

Watoto sita walicheka. Upande wa pili, Makoye alikuwa amefika mahali pale pale pa hadithi. "Nungunungu aliogopa sana," alisoma kwa sauti nzuri, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakukuwa na cha kucheka. Vichwa viligeuka. Msichana mmoja aliinuka. Kisha watatu.

"*Praa!* Kifungo cha juu kikaruka, kikaingia kwenye chungu cha pilau."

Sasa walikimbia. Paskazia alichoma pini za kulia mpaka kimto kikabaki na mbili. Waliofika mwisho waliwauliza waliotangulia kilichochanika ni nini, wakaelezwa kwa mikono, wakajishika kwapani. Mvulana mmoja alijikunja akaubana mkono wake mbavuni kama Nungunungu, na wenzake wakamwiga. Hakuna aliyeambiwa kuwa Nungunungu kaogopa. Wote walijua.

"Hii yenu haina kitu cha kuchanika!" Makoye alimpigia Edson kelele kutoka benchini. "Mtu atashindaje hivi?"

"Soma, Mgalu!" Magesa alijibu, akarudi haraka kwenye mstari wake kabla Paskazia hajageuka.

Mwisho ulipofika, uwanja ulikuwa kwa Magesa, isipokuwa wachache waliobaki na Makoye kwa huruma.

Edson alikuja akachuchumaa kando ya jiwe. Aliuchukua mswada, akazisoma pini kwanza, maandishi baadaye.

"Hizi za kushoto?"

"Ukurasa wa nne. Unaondoka wote."

"Wote? Nilidhani ungebakiza kipande. Umeandikwa vizuri, Dada, nasema kweli. Mimi ningebakiza kile cha mshazari."

"Waliondoka wengi zaidi pale kwenye mshazari."

Edson alicheka kidogo, akageuza kurasa. Alifika kwenye ukurasa wa harusi, ambao upande wake wa kulia ulikuwa hausomeki vizuri kwa pini. Alipoongea hakuzunguka. "Shati linabaki. Nilikosea."

"Ulikosea nusu," Paskazia alisema. "Nusu ile nyingine nilikosea mimi. Ulipoona inabana ulitaka kutupa nguo nzima. Mimi nilikuwa nasema haibani."

"Kwa hiyo tumemaliza? Unatoa ukurasa, naondoka na hadithi?"

Hawakuwa wamemaliza, kwa sababu watoto walikuwa wamewazunguka. Aliyetangulia alikuwa msichana mrefu aliyeitwa Ghati, yule aliyeinuka wa kwanza upande wa Makoye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," Paskazia aliitikia.

"Lile shati la pili nalo si litachanika?"

"Halichaniki," mwenzake alidakia. "Amesoma kwamba alicheza mpaka jua likazama."

"Kwa nini halichaniki? Ngoma ikilia tena je? Miiba si anayo bado?"

"Ni kitambaa kigumu."

"Kitambaa gani? Miiba inatoboa hata mguu wa mbwa! Babu yangu mbwa wake alitobolewa."

Wote wakamtazama Paskazia. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa nne, katikati ya kwapa na upindo, mahali ambapo karibu wote walikuwa wameshaondoka. Na sasa ukurasa wa nne haukuwepo. Edson aliliona pia, akainua nyusi.

Paskazia alivuta pumzi aanze kueleza, kama alivyozoea kuwaeleza wanafunzi wake wa cherehani: kwanza unapima nafasi kati ya mwiba na mwiba. Akanyamaza. Hilo ndilo lililowafukuza. Ukurasa ule ulikuwa umejibu swali kabla halijaulizwa. Sasa shati lilikuwa limechanika, aibu imeonekana, na mtoto alikuwa amesimama mbele yake akidai kujua. Habari ile ile iliyochosha huku ilikuwa inatafutwa kule. Ilitakiwa ihame, tena ipungue.

Aliuchukua tena mswada, akageuza karatasi, akaandika, akafuta neno, akaandika tena. Kisha akasoma:

"'Katika shati la pili Mnana alikuwa amempa kila mwiba tundu lake, na kila tundu akalizungushia uzi lisichanike.'"

Ghati aliisikiliza, akajishika shati la sare, akaingiza kidole kwenye tundu la kifungo, akakitoa, akakiingiza tena.

"Kama hivi," aliwaambia wenzake. "Miiba inapita. Ikisimama, inasimama nje."

"Aaa," walisema.

"Mstari mmoja," Edson alisema taratibu. "Ukurasa mzima umekuwa mstari mmoja."

"Bado sijui kama unatosha." Paskazia alichomoa pini za ukurasa wa harusi moja moja, akazirudisha kwenye kimto, akaiweka sentensi mpya mahali pake kwa mshale wa penseli. Kisha akampa Magesa nakala. "Anzia harusini. Ukifika kwenye mshale, soma nyuma ya karatasi. Usiweke madoido. Juliana, mkondo A watoke tena, hawa wakae nao."

"Dada Paskazia," Edson alisema, "nimeshakubali. Nafasi ni yako. Unatafuta nini tena?"

"Sentensi hiyo haijavaliwa na mtu."

Makoye alijitupa kwenye benchi lake mwenyewe na kusema kuwa safari hii yeye ni mtazamaji, na asipofurahi atahama. Watoto walikaa chini vumbini, wa A na wa B wakibanana. Magesa alikohoa, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza. Paskazia aliwaelekea watoto, na Edson, ambaye hadi hapo alikuwa akimtazama msomaji, akageuka naye kutazama upande ule ule.